Mpima Macho Aliyetafuta Sauti

Watu wa jengo lile walimwita Hii-au-Hii, na jina hilo lilitoka kazini kwake. Alikuwa mpima macho katika duka la miwani lililopakana na benki, na kutwa nzima maneno yake yalikuwa hayo hayo. Mteja huketi, huvishwa fremu nzito ya chuma isiyo na vioo, huelekezwa kwenye ubao wa herufi ukutani, kisha yeye huchomeka lenzi moja, akaichomoa, akachomeka nyingine, na kwa sauti ya upole isiyochoka akauliza: "Hii... au hii?" Nusu ya mtaa ilishapita mikononi mwake. Muuza matunda wa pale kona akimwona anakuja humwinulia machungwa mawili na kumwuliza swali lake mwenyewe, naye hucheka, maana hakuwa mtu wa kununa.

Shida ni kwamba akirudi nyumbani swali lilirudi naye.

Aliishi peke yake ghorofa ya kwanza, katika nyumba aliyoachiwa na mama yake. Mama alipofariki ndugu walikuja, na kila mtu aliondoka na ukumbusho. Shangazi mmoja alichukua zulia la sebuleni, mwingine mapazia; mito, mikeka na makochi ya kitambaa yakaenda kwa binamu aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza maisha. Dada yake, aliyemtangulia kuzaliwa na ambaye hakumwacha asahau hilo, alimwuliza kama haoni vibaya nyumba kubaki tupu kama ghala. Akajibu kwamba yeye wamwachie redio tu, mengine wachukue kwa heri.

Redio yenyewe ilikuwa spika mbili ndefu za mbao, amplifaya ambayo mtu mmoja haibebi bila kuguna, na kompyuta kuukuu aliyoijaza nyimbo. Vitu hivyo alivikusanya kidogo kidogo tangu ujana, na mama yake ndiye aliyekuwa msikilizaji mkuu. Alikuwa akijilaza kwenye kochi, anafumba macho, na ukidhani amelala anakwambia wimbo umeuzima mapema.

Siku za msiba zilipopita, Hii-au-Hii akaketi siku moja kusikiliza, akashtuka. Sauti ilikuwa imechacha. Waimbaji wa kike walimchoma sikio kama uma unaokwaruza sahani, na ngoma ikipigwa mara moja ilisikika kama imepigwa mara moja na nusu. Akakagua waya, akafuta vumbi, akasogeza spika mbele na nyuma. Mwishowe akaamua kwamba mgonjwa ni kigeuzi.

Kigeuzi ni kisanduku kidogo kinachokaa kati ya kompyuta na amplifaya. Muziki ukiwa ndani ya kompyuta bado si muziki, ni tarakimu tupu. Kigeuzi ndicho kinachozisoma tarakimu hizo na kuzigeuza kuwa umeme unaopanda na kushuka, amplifaya ikaukuza, spika zikautikisa mpaka ukawa sauti. Wapo wanaoapa kwamba hapo ndipo utamu wote ulipo, kwamba kigeuzi kimoja hukuletea mwimbaji sebuleni kwako na kingine hukuletea picha yake tu. Hii-au-Hii akaanza kusoma maneno ya watu hao kila akitoka kazini, na mwenye shida huamini haraka.

Cha kwanza kilikuwa chake cha siku zote, cheusi, kipana kama kitabu. Cha pili aliletewa na shemeji yake, mume wa dada. Shemeji huyu alikuwa mwalimu wa udereva, mtu aliyezoea kusema kwa sauti ya kumwambia mwanafunzi akanyage breki, na hata kwenye mazungumzo ya kawaida ungetamani kukanyaga kitu. Alileta kigeuzi kidogo kama kiberiti, akasema hicho ndicho baba lao, na kwamba anayenunua kingine zaidi ya hicho ananunua boksi lake. Hii-au-Hii hakukubali. Akaagiza cha tatu, cha rangi ya fedha, ambacho wale watu wa kuapa walikisifu hadi wakaishiwa maneno.

Akikingoja kifike, alivishindanisha hivyo viwili vya kwanza. Alichagua wimbo mmoja wa zamani, wa mwanamke na gitaa, kwa sababu ulianza kwa ukimya na pumzi ya mwimbaji, na pumzi ni kipimo kizuri. Akapiga ubeti wa kwanza kwa cheusi, akauzima. Akapiga ubeti huo huo kwa kiberiti, akauzima. Akarudia. Kila jioni, kila Jumamosi baada ya chakula, pumzi, gitaa, ubeti, kimya. Pumzi, gitaa, ubeti, kimya. Dada yake alipopiga simu na kuusikia kwa mara nyingine akasema sikio la kufa halisikii dawa, na akakata.

Sasa, ghorofa ya juu yake alikuwa amehamia fundi wa mapazia. Watu walimwita Bi Pindo, kwa kuwa hakuweza kuzungumza na mtu kabla ya kumtazama pindo la nguo, na likiwa limefumuka atakwambia hata kama mko kwenye foleni ya hospitali. Alikuwa mjane, mwenye mikono mikubwa na kicheko kilichotangulia mbele yake kwenye ngazi. Hii-au-Hii alikuwa akipishana naye, wanasalimiana, basi.

Jumamosi moja alasiri, ubeti ukiwa umezimwa kwa mara isiyojulikana ya ngapi, mlango ukagongwa. Alipofungua akamkuta Bi Pindo, utepe wa kupimia ukimning'inia shingoni na mkasi mkononi. Alipouona mkasi akajua kelele zimemfikisha jirani pabaya. Akaanza kuomba radhi kabla hajaulizwa: kwamba ni majaribio tu, kwamba atapunguza, kwamba hakujua dari ni nyembamba kiasi hicho.

"Jirani, sikuja kugomba," Bi Pindo akasema. "Nina swali. Yule bwana alirudi?"

"Bwana yupi?"

"Wa kwenye wimbo. Anasimama mlangoni na begi, anamwambia mkewe amngoje, atarudi kabla chai haijapoa. Kisha unazima. Mwezi mzima mimi niko juu na huyo mke, tunangoja. Leo nimekata kitambaa cha watu mshazari kwa ajili yake. Alirudi, hakurudi?"

Hii-au-Hii akafungua mdomo kumjibu, akaona hana jibu. Wimbo ule alikuwa nao tangu hajaota ndevu. Pumzi ya mwimbaji aliijua, mahali kidole kilipoteleza kwenye uzi wa gitaa alipajua, lakini huyo bwana na begi lake hakuwahi kumfuatilia. Akasema kweli: "Sijui."

Bi Pindo akamtazama kama mtu aliyeambiwa na mpishi kwamba hajawahi kuonja chumvi. Kisha kicheko kikamtoka, kikajaa kwenye ngazi, na mwenye nyumba naye akajikuta anacheka. Akamkaribisha. Akampa kiti pekee chenye mgongo, mwenyewe akakaa juu ya boksi la spika, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akauacha wimbo upite ubeti wa kwanza.

Bwana alirudi. Alirudi baada ya mvua nyingi, akakuta mlango umefungwa, mkewe amekwenda zake kutembea kwa rafiki. Akaketi kwenye ngazi na begi lake, na jirani akamletea chai. Sasa ikawa zamu yake kungoja.

"Safi," Bi Pindo akasema. "Na angoje."

Aliomba kuusikia tena, wote. Ulipokwisha akainuka kwenda, na hapo ndipo alipoitazama sebule: vigae vitupu, kuta tupu, dirisha refu la kioo lisilo na kitu, na jua la alasiri likimpiga mwenye nyumba usoni hata amekunja sura kama aliyelamba ndimu. Akamwuliza kama haoni haya, mpima macho mzima, kukaa anakodoa namna hiyo. Akasema juu kwake ana mahameli ya zambarau, mazito, aliyoshonea ukumbi fulani, mwenye ukumbi akageuza mawazo. Kitambaa kizuri kinakaa kwenye rola kama mtoto asiyepelekwa shule. Angekuja kupima dirisha. Hii-au-Hii hakuwa na haja ya mapazia, alichotaka ni kigeuzi; lakini hakutaka pia Bi Pindo asirudi, kwa hiyo akasema sawa, apime.

"Na pindo la suruali yako, mguu wa kushoto, limefumuka," akamwambia akiwa mlangoni.

Alikuja kupima, akaja tena kuhakikisha, akaja mara ya tatu kumwonyesha bitana, na kila akija alitaka wimbo mmoja, wa kwanza hadi wa mwisho. Hakujali kama ni cheusi au kiberiti. Alijali nani kamkosea nani, na kama msichana wa ubeti wa pili ndiye yule yule wa ubeti wa kwanza. Hii-au-Hii akagundua kwamba hajui habari za nusu ya nyimbo alizo nazo. Alizijua kama anavyozijua herufi za ubao wake, zinazosomwa kila siku na hazisemi neno.

Kigeuzi cha rangi ya fedha kikafika Jumamosi ile ile Bi Pindo aliyokuja kutundika mapazia. Yeye yuko juu ya ngazi anapachika vyuma, mwenye nyumba yuko sakafuni anachana maboksi. Huyu anasema nipe bisibisi, yule anasema subiri kidogo. Mapazia yalipokaa yaliziba ukuta mzima wa dirisha, kutoka darini hadi chini, yamekunjamana kwa unene kama mavazi ya jaji. Bi Pindo akarudi nyuma, akayatazama, akayavuta pindo, akaridhika. Mteja mwingine alikuwa anamngoja, akapanda zake juu.

Hii-au-Hii akayafunga ili jua lisimsumbue, akaunga waya wa mwisho, akaketi, akaweka wimbo wa yule bwana.

Pumzi ya mwimbaji ikatoka katikati ya chumba, mahali pasipo na kitu ila hewa. Gitaa likawa na mbao. Hakuna kilichochoma sikio, hakuna kilichojirudia. Sauti ilisimama pale ilipotakiwa kusimama na kunyamaza ilipotakiwa kunyamaza. Akatafuta wimbo mwingine, akauacha hadi mwisho, na mwingine, wa ngoma nzito, na ngoma ikapigwa mara moja tu, ikakaa. Akafumba macho. Ilikuwa kama zamani, kabisa kabisa kama zamani, na machozi yakamlenga mtu mzima yule peke yake sebuleni. Alipojituliza akampigia shemeji. Akamwambia kiberiti chake akitafutie kazi nyingine, maana mfalme amefika. Shemeji akasema maneno hayo ayarudie kesho, mbele ya mashahidi.

Jumapili wakaja, shemeji na dada. Dada alikuja na vyungu vya chakula na msimamo kwamba habari za visanduku hazimhusu. Hii-au-Hii alitaka shindano la haki, la kazini kwake, ambamo mteja haambiwi lenzi ipi ni ipi. Vigeuzi vyote vitatu akaviunga kwenye amplifaya moja, kila kimoja na tundu lake, ikatosha kuzungusha kitufe kutoka kimoja kwenda kingine. Akavisawazisha ukubwa wa sauti kwa kipimo kwenye simu, kwani sikio ni jepesi kudanganyika. Kinachopiga juu kidogo hukiona kitamu zaidi. Kisha akaenda kumwomba Bi Pindo ashuke, kwa kuwa yeye hakuwa na upande. Bi Pindo akavifunika vigeuzi kwa kipande cha bitana, akasimama nyuma ya amplifaya, chaki yake ya kushonea mkononi, na kila alipozungusha kitufe alitia alama yake mwenyewe kwenye kitambaa.

Shemeji alianza. Alisikiliza huku ameinamisha kichwa kama anayesikiliza injini, na bila kusita akasema cha pili ndicho kiberiti chake, kinajulikana, kina roho. Bi Pindo akatazama chaki yake, akasema hicho kilikuwa cha rangi ya fedha. Shemeji akasema basi arudie. Akarudia, na safari hii roho ilikutwa ndani ya cheusi.

Ikaja zamu ya Hii-au-Hii. Alisikiliza kwa utulivu, mikono magotini. Akaomba arudishiwe cha kwanza, akaomba cha tatu, akaomba cha kwanza tena. Akakitambua. Akaeleza kwa kirefu: hiki ndicho, ile pumzi, lile gitaa lenye mbao, ile hewa inayomzunguka mwimbaji, mfalme hajifichi hata akivishwa gunia. Bi Pindo aliuma mdomo wa chini.

"Ni kiberiti," akasema.

Wakarudia mara nyingine, na nyingine. Mfalme alikuwa kiberiti, halafu cheusi, halafu mfalme mwenyewe kwa bahati, halafu kiberiti tena. Dada, aliyekuwa amekaa pembeni anamenya tunda, aliulizwa naye, akasema vyote vizuri, twendeni tukale. Shemeji alikuwa ameanza kucheka kwa ile sauti yake ya barabarani, lakini alipomwona shemejiye hacheki, naye akajizuia.

Hii-au-Hii alikuwa anafikiri. Kazini kwake, mteja akisema zote sawa, hiyo ni habari njema. Maana yake lenzi imefika inapotakiwa na hakuna tena cha kutafuta. Mpe mtu miwani yake aende akaone dunia. Wateja wengi hulisema neno hilo kwa aibu, wakidhani wamefeli mtihani, na miaka yote amekuwa akiwatuliza: hapana, umefaulu, tumemaliza. Leo limemfika yeye, na yeye ndiye anayeona aibu. Akajitazama akajiona kituko, akaanza kutabasamu.

"Zote sawa," akasema. "Tumemaliza."

Shemeji akapumua, akampiga begani. "Lakini kitu kimoja nikuambie, shemeji. Vigeuzi viache. Hii nyumba imekuwaje? Mara ya mwisho nilikaa hapa nikahisi niko ndani ya pipa. Leo hata nikisema najisikia mimi mwenyewe muungwana."

Ni Bi Pindo, aliyekuwa amesimama karibu na dirisha, aliyeshika pazia na kuuliza kwa mashaka, kama mtu anayeuliza jambo analodhani ni la kipumbavu, au ni haya mapazia? Hii-au-Hii akageuka. Akamwomba ayafungue yote. Yeye mwenyewe akawasha wimbo, na sauti ikaja: ile ile iliyochacha, uma kwenye sahani, ngoma mara moja na nusu. Akamwomba ayafunge. Mahameli yakateleza kwenye chuma chake, na kabla hayajafika katikati kila mtu alikuwa amesikia, hata dada na kisu chake. Kitambaa kizito kilikuwa kimeumeza mwangwi wa kuta tupu, na mwimbaji alikuwa amekaa chini na kutulia.

"Fungua," akasema shemeji. "Funga. Fungua tena."

Bi Pindo akafungua, akafunga, na kila akifunga ndipo alipozidi kucheka, mpaka akaketi sakafuni na pazia mkononi. Akasema ameshona maisha yake yote, hakuwahi kuambiwa kwamba kitambaa kinaimba.

Dada ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Akaweka kisu chini. "Ndivyo ilivyokuwa wakati wa Mama," akasema.

Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Hii-au-Hii akauona ule mkumbo wa vitu vilivyotoka mlangoni siku zile, zulia limekunjwa mabegani mwa watu, mapazia kwenye mifuko, makochi, mito, na yeye amesimama pembeni anasema redio wamwachie tu. Alikuwa amebakiwa na redio ileile, na kigeuzi kile kile cheusi ambacho mama yake aliridhika nacho hadi mwisho. Sauti ya zamani haikuharibika. Iliondoka na vitambaa. Miezi yote ile amekuwa akimtafuta mama yake ndani ya visanduku, na hakuwa amemwambia mtu, hata nafsi yake hakuwa ameiambia. Dada akamwona uso, akaja akamkalia karibu, akamwekea mkono mgongoni. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, kwamba lile zulia shangazi hajalitandika hata siku moja, limesimama nyuma ya kabati. Yeye atakwenda kulidai. Hapo wote wanne wakacheka tena, na chakula kikaliwa kwa muziki, na shemeji akacheza na mkewe katikati ya vyungu, vibaya sana, kwa furaha sana.

Kile cha rangi ya fedha kikarudishwa dukani ndani ya boksi lake. Kiberiti kikarudi kwa shemeji, aliyekipokea kama kombe la ubingwa. Cheusi kikabaki mahali pake, na kikatandikiwa zulia mbele yake, maana dada akisema atadai, hudai.

Bi Pindo akaendelea kushuka. Alikuja na kazi ndogo za mkono, vishikizo na mapindo, akaketi kwenye zulia kwa sababu alisema kiti kinamchosha, na nyimbo zikaenda kutoka mwanzo hadi mwisho. Walibishana kuhusu watu wa ndani yake. Kulikuwa na mwanamume mmoja wa wimbo mrefu aliyeacha kazi kwa ajili ya mapenzi. Bi Pindo alimwona mvivu aliyepata kisingizio, Hii-au-Hii akamtetea juma zima. Siku moja alimpima macho, akamkuta kweli hasomi vizuri vitu vya karibu, akamtengenezea miwani. Alipoivaa akatazama mshono wake wa juma lililopita, akaufumua wote.

Dada akaanza kupiga simu. Alianza kwa kuuliza hali ya zulia. Akauliza hali ya jirani. Mwishowe akaacha kuzunguka, akasema mdogo wake ana umri wa kutosha kujua kwamba mjane mwenye kicheko kile hakai bila kuulizwa na mtu, na kama anangoja kulinganisha kwanza, huyo hana wa kulinganishwa naye. Hii-au-Hii akasema anajua. Dada akamwuliza basi anangoja nini. Akavaa shati safi, akapanda juu.

Kabla ya siku hiyo hakuwahi kufika kwa Bi Pindo. Mlango ulikuwa wazi, na ndani palikuwa na meza ndefu, rola za vitambaa zimesimama kila kona kama wageni waliokosa viti, na katikati ya yote Bi Pindo amepiga magoti, miwani puani, ametandaza kitambaa cha kijani kutoka ukutani hadi ukumbini nje ya mlango. Alimwona, hakuinuka.

"Afadhali umekuja. Shika hapo mwisho. Mikono miwili. Usivute."

Akashika. Bi Pindo akarudi mwanzo wa kitambaa, kule mbali ukutani, akaingiza mkasi kwenye mstari wa chaki, akaanza kukata kuja upande wake.

Hii-au-Hii alikuwa amepanga maneno kwenye ngazi, na mengi yalikuwa yameanguka huko huko. Akasema yaliyobaki.

"Nimekuja peke yangu kwanza, ili nijue kama nirudi na dada."

Mkasi ukasimama. "Urudi naye kwa habari gani?"

"Habari yangu na yako."

Bi Pindo hakuinua kichwa. Mkasi ukaendelea, polepole, ukila kitambaa kwa sauti nzito. "Unavuta," akasema.

Akalegeza. Mikono ilikuwa imeanza kuchoka, na moyo unapiga hata akadhani kitambaa kinautangaza. Bi Pindo akaja kwa magoti, mkono mmoja unalainisha, mwingine unakata, akapita meza, akapita kizingiti, mpaka akawa yuko karibu naye kiasi kwamba aliona chaki kwenye nyusi zake. Hapakubaki ila upana wa kidole kati ya mkasi na vidole vyake. Akakata na huo. Kitambaa kikaachana, nusu kwenye mkono wake wa kulia, nusu kwenye wa kushoto.

Bi Pindo akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni lake, akamtazama vizuri.

"Mwambie dada aje Jumamosi," akasema. "Alasiri. Asubuhi nina mapazia ya shule. Nami nitamwita kaka yangu, maana akisikia kwa watu wengine nitakoma."

Hii-au-Hii akataka kujibu, akajikuta anacheka tu, amesimama pale ukumbini na kijani kimemjaa mikono yote miwili, hajui akiweke wapi. Bi Pindo naye akacheka, chini chini kwanza, kisha kile chake cha ngazi nzima, na mlango wa jirani mwingine ukafunguka kuona kuna nini. Akainuka, akamkung'uta nyuzi begani, akachukua ncha ya kipande kimoja, akamwonyesha namna ya kukunja, kona kwa kona. Walikunja cha kwanza. Hii-au-Hii alikikunja vibaya, wakakirudia.